Tiketi Zimekwisha Saa Ngapi?

Hotuba hii kuhusu ulanguzi wa tiketi niliitoa Jumamosi jioni, Dar es Salaam, mbele ya wanafunzi wa sheria, waandaaji wa matamasha na viongozi wa matawi ya mashabiki wa mpira. Waliokosa wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Slaidi nimeziacha, maana hata ukumbini hazikusomeka.

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, dada zangu, vijana wa matawi mliokuja na jezi, karibuni. Nawaona wekundu upande huu, njano upande ule, na katikati wamekaa waandaaji wa matamasha kama waamuzi. Kaeni hivyo hivyo, mmependeza.

Kabla sijaanza, niwaulize. Nani hapa amewahi kufika dirishani, akaambiwa tiketi zimekwisha, akageuka, akaziona tiketi zile zile mkononi mwa mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka dirishani? Nyoosheni mikono. Ahsanteni. Shusheni, wengine mmenyoosha yote miwili.

Mkasa wangu mimi ni wa Ubungo, enzi hizo stendi haijahamia Mbezi. Ni Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, nakwenda Moshi. Nimefika saa kumi na moja alfajiri, dirisha linafunguliwa saa kumi na mbili, na mimi ni wa nne kwenye foleni. Wa nne! Dirisha likafunguliwa. Karani hakuinua hata macho: "Basi limejaa." Limejaa nani, mama, na dirisha umelifungua sasa hivi? Hakujibu. Pembeni, chini ya mti, kijana mmoja alikuwa na tiketi za basi lile lile amezifunga kwa mpira. Nauli ilikuwa elfu kumi na nane, yeye anataka thelathini na tano. Nikalipa. Mchaga asiyefika nyumbani Krismasi ana kesi ya kujibu kwa mama yake.

Sasa sikilizeni. Kwenye tiketi ile palikuwa na jina la abiria. Limeandikwa: Mwanaidi. Mimi na ndevu zangu nimesafiri Ubungo hadi Moshi nikiwa Mwanaidi. Konda akaichana tiketi, akanitazama usoni, akasema, "Kiti cha kumi na saba, shemeji."

Naomba jina hilo mlikumbuke. Mwanaidi. Tutakutana naye tena.

Yule kijana wa chini ya mti alihitaji vitu viwili: fedha ya kununua mapema, na ndugu ndani ya ofisi. Mlanguzi wa leo hahitaji ndugu ofisini. Ana programu ya kompyuta. Wataalamu wa mambo haya huziita boti, lakini nikisema boti watu wa Kigamboni watadhani nazungumzia pantoni, kwa hiyo mimi nitasema roboti. Roboti hii haina mikono wala miguu. Ni maandishi tu yaliyofundishwa kazi moja: kukaa kwenye tovuti ya tiketi, na sekunde ile mauzo yanapofunguliwa, kununua kabla kidole chako hakijagusa kioo.

Tukumbuke tarehe 8 Desemba 2014, New York. Bendi ya U2 inauza tiketi za onyesho lake katika ukumbi wa Madison Square Garden. Mlanguzi mmoja, kwa roboti moja, alinunua tiketi 1,012 ndani ya dakika moja. Dakika moja! Wewe katika dakika moja hata neno la siri hujalikumbuka. Siku ile ile, yeye na mwenzake mmoja walifikisha zaidi ya tiketi 15,000 za maonyesho ya bendi hiyo Amerika Kaskazini. Haya sikuyaokota kijiweni. Yamo katika ripoti ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, ya Januari 2016.

Inawezekanaje? Tovuti nyingi zinasema kila mtu asizidi tiketi nne, au sita, au nane. Mlanguzi anafungua akaunti mia, kila moja na jina lake, kadi yake ya benki na anwani yake ya intaneti, ili tovuti ione watu mia kutoka mitaa mia. Tovuti inaweka lile fumbo la "onyesha picha zenye taa za barabarani". Roboti inalijibu, au inampelekea mtu wa ujira mdogo nchi nyingine alijibu ndani ya sekunde chache. Na kuna ujanja mmoja unaoniudhi kuliko yote. Roboti inachukua tiketi, inaziweka kwenye kapu, wala hailipi. Tovuti inampa kila mteja dakika kadhaa za kulipa, na katika dakika hizo tiketi hazionekani kwa mtu mwingine. Mlanguzi anazitangaza kwa bei yake. Akipata mnunuzi, analipia. Asipopata, anaziachia na kuzikamata upya. Yaani analangua mali ambayo hata hajainunua! Yule kijana wa Ubungo angalau aliweka mtaji wake.

Ndugu zangu wanafunzi wa sheria, hapa ndipo penu. Wakubwa wa kazi hii walikuwa kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Wiseguy Tickets. Tangu 2002 hadi 2009 walinunua zaidi ya tiketi milioni moja na nusu, wakapata faida ya zaidi ya dola milioni 25. Waliajiri waandishi wa programu Bulgaria. Walipakua mafumbo ya picha kwa mamia ya maelfu na kuyaandalia majibu, ili siku ya mauzo roboti isifikiri, ikumbuke tu. Bruce Springsteen alipopiga Giants Stadium, New Jersey, Julai 2008, walichukua karibu nusu ya tiketi 440 za kusimama mbele ya jukwaa zilizouzwa kwa umma.

Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa New Jersey wakawashika. Kwa sheria gani? Sheria ya roboti haikuwepo. Ikabidi watumie ya udukuzi wa kompyuta na ya udanganyifu kwa njia ya mawasiliano. Watetezi wakauliza swali zuri, na nyie mtakuja kuulizwa hilo hilo: mtu aliyelipa bei kamili ya tiketi, kampuni ikapokea fedha yake yote, ameiba nini? Kesi haikufika mwisho. Watatu walikiri, na 2011 wakapewa kifungo cha nje na kazi za kijamii. Dola milioni 25, na kazi za kijamii.

Ndipo ikaja tamthilia ya muziki ya Hamilton pale Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho New York, tiketi zikawa za kuota. Mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, aliandika gazetini mwaka 2016 akidai Bunge lizuie roboti, akasimama na Seneta Chuck Schumer. Desemba mwaka huo Rais Obama akatia saini sheria ya nchi nzima. Inasemaje? Ni marufuku kukwepa kinga au kipimo cha manunuzi kilichowekwa na muuza tiketi mtandaoni, kwa onyesho la wazi kwa umma katika ukumbi wa watu zaidi ya 200. Na ni marufuku kuuza tiketi iliyopatikana hivyo ikiwa ulishiriki, au ulijua, au ulipaswa kujua. Hilo "ulipaswa kujua" ni maneno matamu sana kwa mwanasheria, lishikeni.

Sheria nzuri, siyo? Imeandikwa kwa ufasaha, imeungwa mkono na vyama vyote viwili. Sasa niulizeni: shauri la kwanza lilifunguliwa lini?

Januari 2021. Miaka minne baadaye! Madalali watatu wa New York, tiketi zaidi ya 150,000. Adhabu ilipigiwa hesabu ikazidi dola milioni 31. Wakasema hawana. Ikashushwa hadi milioni 3.7. Na mwaka uliofuata, Novemba 2022, Taylor Swift akafungua mauzo ya ziara yake. Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, ilisema mfumo wake ulipigwa na maombi bilioni 3.5 siku hiyo, mengi ya roboti, ukazidiwa, na mauzo ya umma yaliyopangwa kufuata yakafutwa kabisa. Januari 2023 maseneta wakawaita wenye kampuni kujieleza. Sheria ilikuwa na umri wa miaka sita.

Kwa nini haikuuma? Tazameni shauri lililofunguliwa Agosti 2025 dhidi ya dalali mmoja wa Maryland. Serikali inadai alitumia maelfu ya akaunti. Kwa onyesho moja la Taylor Swift, ambapo kipimo kilikuwa tiketi sita, akaunti 49 zilinunua tiketi 273. Pigeni hesabu: 49 mara sita ni 294. Yaani ukiitazama akaunti moja moja, unaona shabiki mwema tu. Haya ni madai ya serikali, si hukumu. Lakini sikilizeni utetezi: dalali anasema sheria hii iliandikwa kwa ajili ya roboti, na yeye roboti hatumii.

Mmeona? Ukiandika sheria ya kumkamata mwizi mwenye kofia nyekundu, kesho atavaa nyeusi.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Sheria ikiiwinda mashine peke yake, itaikimbiza mashine mpaka ichoke, maana mashine inabadilika kila mwezi na Bunge linakutana kwa ratiba. Vitu viwili havibadiliki: bei na jina. Mlanguzi lazima auze zaidi ya alivyonunulia, la sivyo hana kazi. Na lazima ajifanye mtu mwingine, la sivyo kipimo cha tiketi sita kinambana. Ziba hapo.

Nawaona wazee wawili wanatikisa vichwa. Najua mnawaza nini. Mnawaza 1983.

Vijana, mlanguzi ni neno zito hapa kwetu. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilitunga sheria ya uhujumu uchumi, na walanguzi wakasakwa nyumba kwa nyumba. Sabuni, sukari, kanga, mafuta ya kula. Watu walitupa bidhaa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo, wengine baharini. Wapo waliostahili kukamatwa, na wapo waliokamatwa kwa sababu ya jirani mwenye kijicho. Lakini duka la kijiji lilijaa? Halikujaa. Rafu zilianza kupata vitu baada ya serikali, 1984, kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezitoa wapi. Sukari ilipokuja, mlanguzi wa sukari akakosa kazi.

Kwa hiyo wako wachumi wanaoniambia: mwanasheria, acha. Ulanguzi ni dalili ya uhaba, ondoa uhaba. Nawaheshimu, na kwa sukari wana haki. Lakini kiti cha Uwanja wa Mkapa siku ya watani wa jadi utakiagiza kutoka nchi gani? Viti ni elfu sitini. Hakuna meli ya viti. Uhaba wa namna hii hauponi kwa kuongeza mzigo. Kinachobaki ni kuamua faida ya uhaba inakwenda kwa nani: kwa mchezaji, kwa klabu, kwa shabiki aliyewahi foleni, au kwa mtu mwenye kompyuta ambaye hajui hata kikosi kina wachezaji wangapi.

Nchi zilizoamua kubana bei na jina zipo. Uingereza, kuuza tiketi ya mpira wa miguu bila idhini ni kosa la jinai tangu 1994, hata ukiuza kwa bei ile ile. Chanzo hakikuwa bei, kilikuwa usalama: baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya 1989, yaliyoua mashabiki 97, walitaka kujua nani anakaa wapi. Viongozi wa matawi, fikirieni tiketi ya ulanguzi ikimweka mtu wenu katikati ya jukwaa la wenzenu siku ya watani! Ireland mwaka 2021 ilipiga marufuku kuuza juu ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi katika matukio na kumbi kubwa zilizotajwa na serikali. Uingereza nayo, Novemba 2025, ilitangaza kwamba itafuata njia hiyo kwa matamasha pia.

Wajapani nawapenda zaidi. Mlanguzi wa tiketi kwao huitwa *dafuya*. Msicheke, si muuza madafu! Tiketi kwao ni *fuda*. Wahuni waligeuza silabi, ikawa *dafu*, kama watoto wetu wanavyosema kinyume shuleni. Sheria yao ilianza kazi Juni 2019, kabla ya Olimpiki iliyopangwa Tokyo. Ukifanya biashara ya kuuza tiketi juu ya bei yake bila ridhaa ya mwandaaji, ni kifungo hadi mwaka mmoja au faini hadi yen milioni moja, au vyote viwili. Lakini tiketi inayolindwa ni ile tu ambayo mwandaaji ameandika juu yake kwamba hairuhusiwi kuuzwa tena, na amechukua jina na mawasiliano ya mnunuzi. Yaani sheria inamwambia mwandaaji: ukitaka nikusaidie, fanya kwanza kazi yako. Sheria hiyo hiyo inamtaka ajitahidi kuweka njia halali kwa aliyeugua au aliyefiwa kuiuza tiketi yake.

Karudi Mwanaidi. Lile jina kwenye tiketi yangu lilikuwa pambo, kwa sababu mlangoni hakuna aliyelisoma. Jina lina nguvu likisomwa mlangoni. Wanaouliza kama jina la uongo lina uzito mahakamani, wasome kesi ya Leeds ya 2020. Walanguzi wawili walinunua kwa roboti, kwa majina na anwani za watu wengine, wakauza kwa mamilioni ya pauni. Uingereza ilikuwa tayari na kanuni ya roboti tangu Julai 2018. Hawakufungwa kwa kanuni hiyo. Walifungwa kwa makosa ya udanganyifu, mmoja miaka minne, mwingine miaka miwili na nusu. Kilichowatia hatiani ni kujifanya watu ambao si wao.

Kwetu je? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya kuingia kwenye mfumo bila idhini na vya udanganyifu kwa kompyuta. Haikuandikwa kwa kumfikiria mlanguzi wa tiketi, lakini mwendesha mashtaka mwenye bidii anaweza kuanzia hapo, kwenye udanganyifu, kama Leeds. Nisingemshauri aanzie kwenye "kuingia bila idhini". Tovuti ya tiketi iko wazi kwa kila mtu, na wakili wa utetezi atakula chakula cha mchana juu ya hoja hiyo.

Sasa waandaaji, nilisema mmekaa kama waamuzi. Nanyi mna kadi.

Ile ripoti ya New York niliyoitaja ilikuta jambo ambalo halikupigiwa kelele kama roboti. Kwa matamasha yaliyotafutwa sana, kwa wastani asilimia 54 ya tiketi hazikufika kwenye mauzo ya umma. Zilishikiliwa kwa wadau, wasanii na wadhamini, au ziliuzwa mapema kwa wenye kadi za benki fulani. Umma uligombea asilimia 46, na katika hiyo 46 ndimo roboti zilimoingia. Basi unaposema "tiketi zimekwisha ndani ya dakika tano", tiketi zipi? Zilikuwa ngapi? Karani wangu wa Ubungo hakuwa na roboti. Alikuwa na droo.

Na idadi ya viti si idadi ya tiketi. Agosti 2025, katika CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, watu waliingia uwanja wa Kasarani, Nairobi, bila tiketi, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaagiza tiketi za mechi ya Kenya zisizidi 27,000, tena za kielektroniki pekee, kwenye uwanja wa watu zaidi ya 40,000. Yaani uhaba uliongezeka kwa amri, ndani ya wiki moja. Mwaka 2027 tunapokea AFCON, sisi na Kenya na Uganda. Mashabiki watatoka bara zima, wenye sarafu nzito kuliko yetu, na mauzo yatakuwa mtandaoni. Roboti haitaomba viza. Mlanguzi anaweza kukaa Dubai akalangua kiti cha Temeke. Tanzania ikitunga sheria ya bei peke yake, atauzia Nairobi. Kwa hiyo nchi tatu ziandike kifungu kimoja, maneno yale yale, kabla mauzo hayajafunguliwa.

Vijana wa sheria wamenisaidia kuandika rasimu fupi, iko mlangoni, chukueni nakala. Ina mambo manne. Tiketi isiuzwe juu ya bei yake, na tovuti inayoitangaza hivyo nayo iwajibike. Kutumia majina bandia kukwepa kipimo kuwe kosa, iwe kwa roboti, kwa vijana mia wa kukodi, au kwa mkono wako mwenyewe. Mwenye dharura arudishe tiketi pale pale alipoinunua, na iuzwe kwa bei ile ile. Na mwandaaji atangaze, kabla dirisha halijafunguliwa, ni tiketi ngapi hasa anauzia umma.

Hilo la nne ndilo waandaaji wawili wameshaniambia nje pale, kwenye chai, kwamba halitekelezeki. Nimewaomba waniandikie sababu. Mwenye saa ananitazama vibaya, kwa hiyo tuanze maswali, na tuanze na wao.